Ramani inasema panafaa sana kwa mahindi, lakini mwamba uko sentimita 25: nimekosea wapi katika tathmini?

Mchoraramani (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa wenye uzoefu wa kutathmini ardhi kwa ajili ya kilimo cha nafaka. Nimepewa kazi ya kuandaa ramani ya ufaafu wa ardhi kwa eneo la hekta 900 hivi, ambalo wamiliki wake wanakusudia kulima mahindi kwanza, na ikiwezekana mtama na mpunga katika sehemu zitakazoonekana kuyafaa mazao hayo. Eneo lina vilima vya chini upande mmoja, tambarare ndefu katikati, na bonde linaloshika maji katika miezi ya mvua.

Nilikusanya matabaka sita ya data: wastani wa mvua kwa mwaka, wastani wa joto, mteremko, umbile la udongo (yaani kiasi cha mchanga na mfinyanzi uliomo), pH (kipimo cha asidi ya udongo) na kina cha udongo. Mteremko niliukokotoa kutokana na data ya mwinuko yenye pikseli (vipande vya mraba vinavyounda ramani) za mita 30, umbile na pH nilivichukua kwenye hifadhidata ya dunia ya SoilGrids yenye pikseli za mita 250, kina nilikitoa kwenye ramani ya zamani ya udongo, na hali ya hewa nilichukua kwenye data yenye pikseli za kilomita 1 hivi. Kila tabaka nililipa alama kuanzia 1 (hali mbaya) hadi 4 (hali bora). Kisha nikatumia mbinu ya Saaty ya kulinganisha vigezo viwiliviwili ili kupata uzito wa kila kimoja, nikapata mvua asilimia 35, joto 20, mteremko 15, umbile 15, pH 10 na kina 5. Uwiano wa uthabiti ulikuwa 0.06, chini ya kikomo cha 0.10, nikaamini kwamba mambo yamenyooka. Nilipojumlisha matabaka yote katika programu ya ramani ya QGIS, zaidi ya robo tatu ya eneo ilitoka kijani kilichokolea, yaani "panafaa sana".

Wiki iliyopita nilikwenda na kekee ya kuchukulia udongo ili kuhakiki. Vilimani niligonga mwamba kwenye sentimita 25, na nikaugonga tena katika sehemu nyingine tatu, zote zikiwa ndani ya kijani kilekile. Kule bondeni, ambako ramani inadai panafaa sana kwa mahindi, nilikuta udongo wa kijivu wenye mabaka ya rangi ya kutu kuanzia sentimita 20, na maji yakaanza kujikusanya ndani ya shimo kabla sijamaliza kuandika.

Je, nibadilishe uzito wa vigezo hadi ramani ikubaliane na nilichokiona? Je, kukosekana kwa nitrojeni na fosforasi katika orodha yangu ndiko kulikoharibu kazi? Na je, ninaweza kutumia ramani moja kwa nafaka zote tatu?

Mizani

Ndugu Mchoraramani, pongezi kwanza kwa kwenda na kekee, kwa sababu ramani nyingi za aina hii hukabidhiwa bila mwandishi wake kuchafua viatu.

Kosa lako haliko katika uzito wenyewe bali katika kitendo cha kujumlisha. Hebu tukokotoe pikseli moja ya kilimani kwa takwimu zako mwenyewe. Tuseme mvua ina alama 4, joto 4, mteremko 4, umbile 3, pH 3, na kina kina alama 1 kwa kuwa mwamba uko juu. Ukizidisha kila alama kwa uzito wake unapata 1.40 + 0.80 + 0.60 + 0.45 + 0.30 + 0.05, jumla yake 3.60 kati ya 4. Hiyo ndiyo kijani yako. Mahali ambapo mzizi wa mhindi hauna pa kwenda panapewa asilimia 90 ya alama zote, kwa kuwa mvua na joto vimelipa deni la kina. Katika shamba halisi deni hilo halilipiki: mvua nzuri haiongezi udongo juu ya mwamba, wala joto zuri halitoi maji yaliyotuama kwenye mizizi.

Kanuni inayotawala hapa inajulikana tangu karne ya 19, ilipoelezwa na Carl Sprengel na kuenezwa na Justus von Liebig: mavuno hupangwa na kile kilicho haba kuliko vyote, si na wastani wa vyote. Ndiyo maana mwongozo wa tathmini ya ardhi uliotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) mwaka 1976, ambao bado ndio msingi wa kazi nyingi za namna hii, haukuanza na uzito. Ulianza na kumtaka mtathmini aeleze aina ya matumizi yanayokusudiwa, kisha alinganishe mahitaji ya matumizi hayo na sifa za kila kipande cha ardhi. Matokeo yake ni madaraja: S1 inafaa sana, S2 inafaa kwa wastani, S3 inafaa kwa kiwango kidogo, N1 haifai kwa sasa, na N2 haifai kwa namna ya kudumu. Daraja linafuatwa na herufi ndogo inayotaja kikwazo, na kwa maoni yangu herufi hiyo ina thamani kuliko daraja lenyewe. Mkulima akiambiwa kwamba shamba lake ni S3 kwa sababu ya maji kutuama anajua aanzie wapi. Akiambiwa kwamba lina alama 2.7 hajui lolote.

Kuhusu uwiano wa uthabiti, usiufanye kinga. Kipimo hicho kinaonyesha tu kwamba hukujipinga: ukisema mvua inazidi mteremko, na mteremko unazidi kina, basi hukusema pia kwamba kina kinaizidi mvua. Mtu anaweza kukosea kwa uthabiti mkubwa sana.

Na tafadhali usibadilishe uzito hadi ramani ikubaliane na mashimo yako manne. Utakuwa umeifundisha ramani mashimo hayo manne, na shimo la tano litakuumbua.

Shimo la Mita Moja

Nakubaliana na Mizani, ila nataka kukaa zaidi kwenye kina cha udongo, kwa sababu kukipa asilimia 5 kunaonyesha kwamba kilichukuliwa kama sifa ndogo inayosimama peke yake. Kina ndicho kinachoamua mvua yako ina maana gani.

Chukulia udongo wa tifutifu. Kwa makadirio yanayotumika sana, udongo huo hushika kiasi cha milimita 140 za maji yanayoweza kufikiwa na mimea katika kila mita moja ya kina. Wa kichanga hushika karibu 60, na wa mfinyanzi karibu 200. Mahindi huanza kudhoofika yakishatumia takriban asilimia 55 ya akiba hiyo. Penye mita moja ya tifutifu, mmea una milimita 77 za kutumia kwa raha. Penye sentimita 30 una 23 tu. Wakati wa kutoa mbelewele na ndevu, mahindi yanaweza kutumia milimita 6 kwa siku mahali penye jua kali. Gawanya sasa: udongo wa mita moja unavumilia siku kama 13 bila mvua, na ule wa sentimita 30 unavumilia siku zisizofika 4. Pikseli mbili zinapata mvua ileile, kwa tarehe zilezile, na moja inavuna huku nyingine ikitoa magunzi yenye punje za kuhesabika, kwa kuwa ukame wa wiki moja tu katika kipindi cha uchavushaji hupunguza punje kwa kiasi kisichorudishwa na mvua za baadaye. Kwa hiyo mvua, umbile na kina havipaswi kuwa matabaka matatu yanayojumlishwa. Vinapaswa kuingia katika hesabu moja ya maji ya udongo.

Kuhusu bonde, ulichokiona ni ushahidi mzuri sana na usiupuuze. Maji yakijaa kwenye vinyweleo vya udongo kwa muda mrefu, hewa hutoweka na chuma kilichomo hubadilika umbo, ndipo rangi ya kijivu inapojitokeza. Pale hewa inapopenya tena kupitia njia za mizizi na nyufa, chuma hurudi kuwa kutu na kuacha mabaka. Kina ambacho mabaka yanaanzia kinakuambia maji hufika wapi katika msimu, hata ukienda wakati wa kiangazi ambapo shimo ni kavu kabisa. Mabaka kwenye sentimita 20 ni kikwazo kikubwa kwa mahindi. Tahadhari moja tu: rangi hizi hudumu, hivyo mahali palipokwisha kuchimbiwa mifereji panaweza kuonyesha mabaka ya zamani ambayo hayaelezi hali ya leo. Waulize wanaolima jirani mara ngapi maji husimama, na kwa siku ngapi.

Chimba mashimo halisi, si kekee pekee. Shimo la kina cha mita 1 hadi 1.5 katika kila sehemu ya umbo la ardhi, yaani kileleni, ubavuni, chini ya mteremko, tambarareni na bondeni, litakupa picha ambayo tundu la kekee haliwezi: tabaka gumu lililotokana na jembe la trekta kupita kina kilekile kila mwaka, changarawe, mizizi inapokatikia. Tazama mizizi ya magugu yaliyopo. Ikishuka hadi sentimita 30 kisha ikakunja kuelekea pembeni, imekwisha kukujibu.

Msimu

Ninaongeza kuhusu mvua tu, maana naona imepewa uzito mkubwa kuliko vyote huku ikipimwa kwa kipimo kibovu kuliko vyote.

Wastani wa mwaka hauoti mahindi. Milimita 900 zinazonyesha katika msimu mmoja wa miezi mitano ni jambo moja, na milimita 900 zilizogawanyika katika misimu miwili mifupi ni jambo jingine, ingawa pikseli zote mbili zitapata alama sawa. Mahindi kwa kawaida huhitaji kati ya milimita 500 na 800 za maji katika msimu wake, kutegemea aina na ukali wa jua, na mtama 450 hadi 650, lakini hata kujumlisha mvua ya msimu hakutoshi. Kinachofaa kupimwa ni urefu wa kipindi cha ukuaji: hesabu siku ambazo mvua inazidi nusu ya uvukizi tarajiwa wa ardhi na mimea, kisha ongeza siku ambazo zao linaendelea kuishi kwa akiba iliyobaki udongoni baada ya mvua kukatika. Hapo tena kina cha udongo alichokisema ndugu hapo juu kinaingia. Ikiwa kipindi ni siku 95, aina ya mahindi inayokomaa kwa siku 120 haina nafasi hata kama jumla ya mvua inaonekana nono, ilhali aina ya siku 90 inaweza kupita kwa shida.

Pili, wastani unaficha miaka mibaya. Data ya CHIRPS inatoa makadirio ya mvua kuanzia mwaka 1981 kwa pikseli za nyuzi 0.05, ambazo ni kilomita 5 na ushee, kwa hiyo una miaka ya kutosha ya kupanga. Chukua mvua ya msimu kwa miaka 30, ipange kutoka kubwa hadi ndogo, na utazame mwaka wa 24 au wa 25 katika orodha. Kiasi hicho ndicho unachoweza kukitarajia katika miaka minne kati ya mitano. Ukitathmini kwa kiasi hicho badala ya wastani, utashangaa kijani chako kinavyopungua, na utakuwa umewaambia wenye shamba jambo wanaloweza kulifanyia uamuzi.

Joto kwa hekta 900 halina haja ya kukusumbua. Joto hupungua kwa nyuzi 6.5 hivi za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo vilima vyenye tofauti ya mita 100 na tambarare vinatofautiana nayo kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Tabaka lenye thamani moja kila mahali haligawi kitu; ulilipa asilimia 20, na kazi yake yote ilikuwa kupandisha alama za kila pikseli.

Mchoraramani (mleta mada)

Nawashukuru sana. Hoja ya joto imenichoma, kwa sababu ni kweli kwamba eneo lote lilipata alama 4 na sikujiuliza tabaka hilo linafanya kazi gani.

Nina pingamizi moja, au tuseme wasiwasi. Nikitumia kanuni ya kikwazo kikubwa, yaani daraja la pikseli liwe daraja la sifa yake mbaya kuliko zote, nimejaribu na karibu eneo zima limekuwa S3 au N. pH peke yake imeangusha tambarare yote, kwa kuwa SoilGrids inaonyesha 5.2 huko, na jedwali nililolifuata linataka 5.5 hadi 7.0 kwa mahindi. Lakini tambarare hiyo ina mashamba jirani yanayovunwa vizuri kila mwaka. Mwenzangu kazini amependekeza nitumie wastani wa kijiometri, unaozidisha alama, badala ya wa kawaida unaozijumlisha, ili kupata njia ya kati. Je, inasaidia?

Pikseli

Nimefuatilia kwa makini, na pingamizi lako lina uzito. Kanuni ya kikwazo kikubwa ni kali, na ukali wake unaonekana zaidi pale data inapokuwa na makosa, kwa sababu tabaka moja lenye kosa linatosha kuiangusha pikseli. Wastani, kwa udhaifu wake wote, husambaza makosa.

Hata hivyo wastani wa kijiometri hautakusaidia kwa namna ulivyoyapanga mambo. Nimeikokotoa pikseli ileile ya Mizani: kwa uzito wako inatoka 3.47 badala ya 3.60. Kijani kinabaki kijani. Sababu ni kwamba kina kina uzito wa asilimia 5, na alama yake ya chini ni 1, si 0. Ungeanza alama kwenye 0, sifa yenye 0 ingeangusha jibu lote la kuzidisha hadi 0, na hapo ungekuwa umerudi kwenye kanuni ya kikwazo kwa mlango wa nyuma. Kuzidisha asilimia, kama ilivyo katika kipimo cha ubora wa udongo cha Storie cha mwaka 1933, nako kuna hila yake: sifa tano zenye asilimia 90 kila moja, ambazo hakuna mkulima angezilalamikia, zinatoa 59 tu. Kadiri unavyoongeza vigezo ndivyo ardhi inavyozidi kuonekana mbovu, hata kama haijabadilika.

Ninachokifanya mimi ni kutenganisha sifa katika makundi mawili kabla ya hesabu yoyote. Kundi la kwanza ni zile ambazo mkulima hawezi kuzibadilisha kwa gharama ya kawaida: mwamba ulio juu, mteremko mkali, urefu wa kipindi cha ukuaji, mafuriko ya kila mwaka. Hizi nazitumia kama vizuizi, bila uzito wala msamaha; pikseli inayoshindwa hapa imeshindwa. Kundi la pili ni zile zinazorekebishika: pH ya chini, upungufu wa fosforasi, nitrojeni, mboji kidogo, hata utuamaji hafifu wa maji unaoweza kutatuliwa kwa mfereji au matuta. Ndani ya kundi hili, na kwa pikseli zilizopita tu, uzito una kazi halali, kwa sababu hapo unapanga kipaumbele cha matumizi na si kuhukumu uhai na kifo. Hili linajibu pia swali lako la nitrojeni: usiiweke kwenye ramani ya ufaafu hata kidogo. Inabadilika ndani ya msimu mmoja, na utakuwa umechora historia ya mbolea iliyomwagwa na mkulima aliyetangulia.

Kwa pH, andika madaraja mawili, la sasa na la baada ya kurekebisha. Tambarare yako inaweza kuwa S3 kwa sasa na S2 au S1 ikiwekwa chokaa. Lakini kabla ya kuandika lolote, kumbuka pikseli ya mita 250 ni hekta 6.25, na thamani iliyomo ni makadirio ya modeli iliyojifunza kutokana na mashimo ambayo pengine yako mbali sana na shamba lako. Kuikatakata pikseli hiyo vipande vya mita 30 ili ilingane na tabaka la mteremko hakuzai taarifa mpya. Kunazaa tu picha inayoonekana makini. Hekta 900 zote zina pikseli 144 tu za aina hiyo, hivyo ni eneo dogo kiasi cha kupimwa kwa mkono. Ukichukua sampuli 30 au 40 za mchanganyiko na kuzipeleka maabara, utakuwa na ukweli wako mwenyewe na hutahitaji kubishana na SoilGrids.

Mwisho, kama data yako ya mwinuko ni ile ya SRTM iliyokusanywa kwa rada kutoka angani Februari 2000, jihadhari penye miti minene: rada ilipima karibu na vilele vya miti, kwa hiyo ukingo wa msitu huonekana kama mteremko mkali usiokuwepo.

Shimo la Mita Moja

Hapo kwa Pikseli natofautiana kidogo katika jambo moja. Utuamaji wa maji usiuweke moja kwa moja katika kundi la yanayorekebishika. Mfereji hufanya kazi pale maji yanapokuwa na mahali pa kwenda. Bonde ambalo ndilo sehemu ya chini kuliko zote halina pa kuyapeleka maji, na matuta huko yatazama pamoja na mahindi yake. Fuata kwanza mkondo wa maji kwenye data ya mwinuko, uone kama kuna njia ya kutokea.

Na hapo ndipo swali la tatu la mleta mada, ambalo naona limesahaulika, linapojibika. Ramani moja kwa nafaka zote haiwezekani, kwa sababu sifa ileile hubadilisha maana yake kutoka zao hadi zao. Mfinyanzi wa bondeni unaoshika maji ni kosa kwa mahindi, na ni mtaji kwa mpunga wa majaruba, ambao unahitaji ardhi iliyo karibu kuwa bapa na tabaka la chini lisilovujisha maji haraka. Mtama upo katikati: hustahimili maji ya kupita kuliko mahindi, na ukame ukiukuta kabla ya kuchanua unaweza kusimamisha ukuaji na kuendelea mvua zinaporudi, jambo ambalo mahindi hayaliwezi. Kwenye chumvichumvi tofauti ni kubwa zaidi. Kwa upitishaji umeme wa maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye udongo ulioloweshwa hadi kushiba, mahindi huanza kupoteza mavuno kwenye desisimensi 1.7 kwa mita, mpunga 3.0, ngano 6.0, mtama 6.8 na shayiri 8.0. Udongo wenye 4 huyapunguzia mahindi zaidi ya robo ya mavuno, na mtama haujali. Chora ramani tatu, kisha ya nne inayoonyesha kila kipande kina zao gani lenye daraja la juu. Nina hakika hiyo ya nne ndiyo wenye shamba watakayoiangalia.

Mchoraramani (mleta mada)

Nimeirudia kazi kwa siku tisa na naleta matokeo ya awali. Kwa kuweka vizuizi kwanza, vilima vyenye udongo usiofika sentimita 40 vimetoka kabisa kwenye mahindi, na sehemu yake yenye udongo wa sentimita 40 hadi 60 imebaki S3 kwa mtama. Bonde nimelifuata kwa miguu, na ni kweli halina pa kutokea maji isipokuwa upande mmoja wenye kijito. Nimeliweka N kwa mahindi na S2 kwa mpunga, nikiandika kikwazo kuwa ni mafuriko yasiyodhibitiwa. Tambarare ndiyo iliyobaki kwa mahindi, hekta 380 hivi, nayo imegawanyika: upande wa magharibi una tabaka gumu kwenye sentimita 28, jambo ambalo hakuna data ya setilaiti iliyonionyesha.

Sampuli 36 nimezipeleka maabara. Nilichanganya vichukuo 15 kwa kila sampuli, kina cha sentimita 0 hadi 20, nikitembea kwa mwendo wa zigizaga. Majibu ya pH yamekuja na yamenitatiza: wastani wa tambarare ni 4.9, chini hata ya ile 5.2 ya SoilGrids, na bado mahindi ya jirani yanastawi. Je, nianze kufikiria chokaa kwa eneo zima?

Mizani

Kabla ya chokaa, tazama kwenye fomu ya majibu kama pH ilipimwa ndani ya maji au ndani ya mmumunyo wa chumvi, yaani kloridi ya potasiamu au ya kalsiamu. Thamani za SoilGrids na za majedwali mengi ya mahitaji ya mazao ni za maji. Udongo uleule ukipimwa ndani ya kloridi ya potasiamu huonyesha pH iliyo chini kwa nusu hadi kizio kizima, kwa hiyo 4.9 yako inaweza kuwa 5.5 au 5.8 kwa kipimo cha maji, na hapo jirani yako hana muujiza wowote.

Ikiwa ilipimwa kwenye maji, basi omba pia kipimo cha alumini inayobadilishika, yaani ile iliyoshikwa kwenye chembe za udongo na inayoweza kuachiwa ikaifikia mizizi. Chini ya pH 5.5 ndipo alumini huanza kuyeyuka kwa kiasi cha kuumiza ncha za mizizi, lakini si kila udongo wenye 4.9 una alumini nyingi. Wenye mboji ya kutosha huifunga, na pengine mashamba ya jirani yako yamo katika hali hiyo. Kiasi cha chokaa hutokana na alumini hiyo au na uwezo wa udongo kupinga mabadiliko ya pH, si na namba ya pH peke yake: kichanga na mfinyanzi vyenye 4.9 vinahitaji viwango vinavyotofautiana sana.

Na lile tabaka gumu la magharibi lipimie unene na ulijaribu kwa kisu likiwa na unyevu. Likilainika, ni mgandamizo wa jembe, unapasuliwa kwa jembe refu wakati udongo umekauka, na daraja lake linakwenda kwenye safu ya "baada ya kurekebisha". Likibaki gumu hata likiloweshwa, lihesabu kama mwamba.

Mchoraramani (mleta mada)

Nimeangalia fomu: kloridi ya potasiamu, imeandikwa kwa maandishi madogo chini ya jedwali. Nimeomba maabara irudie sampuli 10 kwa maji ili nipate tofauti halisi ya udongo huu badala ya kukisia. Kisu nitakipeleka magharibi baada ya mvua inayofuata.